Mtoto Mdogo na Njia za Mlimani

Sisi tunaoishi bonde la Kilombero tunaiona milima ya Udzungwa kila tufunguapo mlango. Wageni hutoka mbali kuja kuipanda, lakini watoto wetu wengi hukua bila kukanyaga hata njia moja ya msitu ule. Wazazi husema, "Bado mdogo, ataugua." Mwezi huu tuone jinsi ya kwenda na mtoto mdogo na kurudi naye mzima.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Humo watu hawazunguki kwa gari, hutembea kwa miguu. Hilo lina faida kwa mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 3 au 4 auchangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Tena msituni atajifunza mengi. Yuko kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walimfahamu zamani.

Chagua njia fupi
Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa meta 170 hivi, yanavutia, lakini njia yake ni ya kupanda sana. Mngoje mtoto akue. Aliye chini ya miaka 5 aanze na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula. Ondokeni asubuhi, mwendo uwe wa mtoto, na mfuateni askari wa hifadhi, maana humo mna tembo na nyati. Penye maji mshike mkono, mawe yanateleza.

Maji na chakula
Chukua maji yaliyochemshwa. Usimpe maji ya kijito, hata yakionekana safi. Mnyweshe kidogo kidogo kabla hajalalamika kiu. Mdomo ukikauka, akilia bila machozi au asipokojoa kwa saa nyingi, amepungukiwa maji: mpe maji ya ORS, na asipopata nafuu mpeleke hospitali.

Nyoka na kima
Mvalishe viatu vya kufunika na suruali ndefu. Akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, abebwe haraka hospitali. Msiwalishe kima. Akimng'ata au kumparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Baada ya kurudi
Mkague mwili mzima kama ana kupe au miiba. Usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa. Malaria haianzi siku ya kuumwa na mbu. Huchukua siku 7 au zaidi. Kwa hiyo akipata homa hata wiki mbili baadaye, usiseme ni uchovu wa safari, wala usimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Apimwe damu siku hiyohiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, kuchelewa siku moja kunaweza kugharimu maisha.

Mama na baba, mlima ni wetu. Twendeni na watoto, ila kwa kujiandaa.