Mamba, Koboko na Kasa: Watambaazi Hawadhuru kwa Namna Moja

Barua moja ya rufaa niliyowahi kupokea ilisema tu: "Amejeruhiwa na mamba." Tukaandaa chumba cha upasuaji. Aliyefika hakuwa na jeraha la kushonwa. Kope zilimlegea na pumzi zilikuwa fupi. Alikuwa ameumwa na koboko, ambaye baadhi ya watu humwita mamba mweusi. Alipona baada ya kusaidiwa kupumua kwa mashine, lakini neno moja lilikuwa limetupotezea muda.

Watambaazi wote wana magamba, na joto la miili yao hutegemea mazingira. Zaidi ya hapo wametengana mno. Mamba wa mtoni ana moyo wenye vyumba vinne, na kwa nasaba yu karibu na ndege kuliko mjusi. Hana sumu. Huponda mifupa na kuingiza vijidudu jerahani, hivyo mgonjwa wake huhitaji upasuaji, antibiotiki na kinga ya pepopunda.

Nyoka na mijusi ni kundi moja. Mijusi wengi wana kope na tundu la sikio. Nyoka hana vyote viwili. Kinyonga na mjusi kafiri, wanaoogopwa bure majumbani, hawana sumu. Nyoka wenye sumu nao hutofautiana: kifutu huvimbisha na kuozesha nyama, ilhali koboko hulegeza misuli, hata ile ya kupumua, na mahali alipouma huenda pasivimbe sana. Kutovimba, basi, si dalili ya usalama. Usifunge kamba wala kuchanja. Tuliza kiungo, uwahi hospitali yenye dawa ya kupinga sumu ya nyoka.

Kobe na kasa hawana meno wala sumu ya kuuma, lakini nyama ya kasa huweza kuua. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu hiyo, inayodhaniwa kutokana na chakula cha kasa baharini, haiishi kwa kuchemshwa, na haina dawa yake maalumu. Dawa ya nyoka haisaidii kitu. Mtoto wa pwani anayetapika, mwenye vidonda mdomoni na usingizi mzito, familia yake iulizwe ilikula nini. Sumu hupita pia katika maziwa ya mama. Aliyekula nyama hiyo naye ananyonyesha, amlete mtoto hospitali hata kama bado ananyonya vizuri.