Tulivyomwacha Sahibu Yetu Busia

Kuagana kuna uzito wake, hasa wakiagana watu waliosoma chuo kimoja na kuonja kikoto kimoja. Sisi tulikuwa wanne, watoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Mmoja wetu riziki ilimpeleka Busia, akawa wakala wa forodha, akaoa huko huko. Mwaka jana alifiwa na mkewe. Ndipo sisi watatu tukapanda basi, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kwa jina la matembezi ya siku tatu. Lakini tiketi za kurudi tulikata nne.

Alitukirimu kwa mbuta wa ziwani, na dagaa ambao huko huitwa omena, na ugali mweusi wa mtama na muhogo. Tukamtania kuwa amesahau wali wa nazi.

Siku ya pili alitutembeza mpakani. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi, Februari 2018, maofisa wa Kenya na wa Uganda hukaa mahali pamoja. Yeye alitusimulia ya zamani: vijana wa baiskeli wakinadi "boda, boda!" kuwavusha watu hapa na kule Malaba. Jina hilo lililozaliwa mpakani, leo hata pikipiki za kwetu Likoni zaitwa kwalo.

Alasiri akatupeleka Mumias. Mtu wa pwani asiujue mji huu kwa sukari tu. Katika karne ya 19, enzi za Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia, misafara ya kwetu ilituama hapo ikielekea Buganda, na baadhi ya watu wake hawakurudi tena. Walioa, wakazaa, wakazikwa. Mumia mwenyewe alisilimu. Alifariki mwaka 1949. Mimi nilidhani mwenzetu anatutembeza. Kumbe alikwishakisia tulichojia, naye alikuwa akitujibu.

Usiku tukalitoa. Tukamwambia nyumba ya wazee wake bado ina chumba, na baraza bado ina nafasi yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Yakhe, nyinyi tangu mje mwasali mbili mbili. Mimi hapa sipunguzi sala." Akaongeza kuwa kaburi la mkewe liko nyuma ya mnazi pekee alioupanda, usiozaa, na wajukuu humwita babu kwa lugha ya bibi yao. Hatukuwa na la kusema.

Asubuhi ya kuondoka alitutolea jembe uani, akacheka mpaka akakohoa: mgeni siku mbili! Tukampalilia kweli, safu mbili za mihogo, tukiwa na misuli yetu.

Adhuhuri alitangulia yeye. Na msafiri akimfuata mkazi hutimiza. Basi siku hiyo tulisali nne, sote wanne. Kituoni akatuombea dua ya safari, akatupa mikono, akaondoka bila kungoja basi ling'oe. Mmoja wetu alijifanya ana vumbi jichoni. Sote hatuko mbali na sabini, na hiyo "kwaheri ya kuonana" kila mmoja aliitamka polepole.

Nakuru basi lilisimama, tukachanganya Magharibi na Isha, na Isha tukaifupisha. Kiti cha nne tulikiweka gunia la omena alilotupa. Likanuka usiku kucha, abiria wakanung'unika, wala hatukukubali lipelekwe butini.