Sabuni ya Kunyolea Ndevu: Mafuta ya Ng'ombe, Mawese na Kazi ya Balansi

Ndugu wanachama, wengi wenu mnajua kupika sabuni ya kufulia: bidoni ya mawese, soda kostiki (ile ambayo sokoni wanaita sude), maji, mti wa kukorogea, na kesho yake mnakata vipande. Swali tunaloulizwa ni kama koperative inaweza pia kutengeneza sabuni ya kunyolea, ile ya kijiti ambayo mtu anaisugua kwenye ndevu mbele ya kupitisha wembe. Inawezekana, na vitu karibu vyote viko hapa Tchomia. Lakini sabuni hii inaenda usoni, juu ya ngozi ambayo wembe umeikwaruza. Soda ikizidi kidogo katika sabuni ya nguo, mikono inawasha. Ikizidi katika sabuni ya ndevu, uso unaungua. Kwa hiyo mazoea ya kupima kwa kopo na kwa macho tuyaache kwa sabuni ya kufulia.

Kwanza tuelewe sabuni hii inafanya kazi gani. Unywele mkavu ni mgumu, na wembe unauvuta badala ya kuukata. Ukilowa maji dakika mbili tatu, unakuwa laini. Kazi ya povu ni kushika yale maji juu ya ndevu yasikauke, na kuuacha wembe uteleze. Povu kubwa lenye mapovu mapana, sawa lile la kuogea, linakauka upesi. Tunalotaka ni povu zito, dogo dogo, sawa maziwa yaliyokorogwa. Na hilo linatokana na aina ya mafuta.

Mafuta yanayoganda yakipoa ndiyo yanatoa sabuni ngumu na povu linalodumu. Hapa kwetu la kwanza ni mafuta ya ng'ombe. Wafugaji tunao, ng'ombe wanachinjwa, na mafuta ya tumboni na ya kwenye figo mara nyingi yanauzwa kwa bei ndogo au yanaachiwa mbwa. La pili ni mawese, yale yanayotufikia kutoka upande wa Mambasa na Beni. La tatu ni mise, mafuta yanayotoka ndani ya kokwa la ngazi. Mise ndiyo inafanya povu litoke haraka, lakini ikizidi inakausha ngozi. Mafuta ya alizeti, karanga au soya yaacheni jikoni. Yanatoa sabuni laini isiyosimama kijiti.

(Mafuta yetu yana historia ndefu katika sabuni ya wengine. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, akaunda kampuni ya Huileries du Congo Belge. Kituo chake cha Leverville, kule Kwilu, leo kinaitwa Lusanga. Watu walilazimishwa kukata ngazi, mafuta yakapanda meli, na sabuni ikarudi kuuzwa.)

Mafuta ya ng'ombe lazima yasafishwe, la sivyo kijiti kitanuka nyama. Yakateni vipande vidogo, mtie ndani ya sufuria pamoja na maji na konzi ya chumvi, myachemshe kwa moto mdogo mpaka yayeyuke yote. Chujeni kwa kitambaa, acheni yapoe. Mafuta yataganda juu na uchafu utabaki chini. Kwangueni ule uchafu. Mkirudia mara mbili au tatu, mafuta yanakuwa meupe na harufu inakwisha. Hapa ndipo wengi wanachoka mapema.

Sasa vipimo. Kila mafuta yanakula kiasi chake cha soda. Kilo moja ya mafuta ya ng'ombe inahitaji karibu gramu 141, kilo ya mawese karibu 142, kilo ya mise karibu 176. Ndiyo sababu mtu akibadilisha mafuta bila kubadilisha soda, sabuni inaharibika. Tunapendekeza mchanganyiko huu kwa kilo moja: mafuta ya ng'ombe gramu 500, mawese gramu 300, mise gramu 200. Hesabu inatoa gramu 148 za soda. Lakini hatutii zote. Tunapunguza kama 5 kwa 100, tunabaki na gramu 140, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na kulinda ngozi. Maji ni gramu 300, nayo yapimwe kwenye balansi ileile.

Balansi ya kupima samaki haifai. Haioni tofauti ya gramu 10, na gramu 10 ndiyo tofauti kati ya sabuni na dawa ya kuunguza. Ituri hatukosi balansi nzuri: wanunuzi wa dhahabu wanazo. Kama ni ndogo, pimeni soda mara kadhaa na kujumlisha. Koperative ikinunua balansi moja ya gramu, inatumika pia kwa mbegu na dawa za mashamba.

Soda yenyewe inadanganya. Inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Ile iliyofunguliwa na kugawanywa ndani ya vifuko vya plastiki inakuwa imeshikana na nguvu yake imepungua, lakini uzito unaonekana uleule au zaidi. Nunueni iliyofungwa vizuri, yenye punje kavu zinazotiririka. Msijaribu kuongeza soda kwa kubahatisha eti kwa sababu imechoka.

Mbele ya kuanza, watoto wawe mbali. Vaeni miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu, mfanyie kazi nje. Soda inatiwa ndani ya maji, pole pole, huku mkikoroga. Msimwage maji juu ya soda, yataruka usoni. Maji yatapata moto yenyewe bila jiko, karibu kuchemka, na mvuke wake msiuvute. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu: hizo soda inazila, zinatoa povu na gesi inayoshika moto. Tumieni baseni ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Soda ikigusa ngozi au jicho, mwageni maji safi mengi kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Ndimu au siki msipake. Na maji ya soda yasiwekwe hata dakika moja ndani ya chupa ya soda ya kunywa. Mtoto akimeza, koo linaungua. Msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Yeyusheni mafuta, mwache yapoe mpaka chombo kishikike kwa mkono bila kuunguza, lakini mafuta ya ng'ombe yasianze kuganda. Maji ya soda nayo yawe na joto la namna hiyo. Mwagieni maji ya soda ndani ya mafuta kidogo kidogo, mkikoroga bila kuacha. Kwa mkono inaweza kuchukua nusu saa, hata saa nzima. Iko tayari ikiwa nzito sawa uji, na matone mkiyadondosha juu yanaacha alama isiyozama.

Kwa umbo la kijiti, tiyo ya plastiki ya maji inafaa. Siye tunapenda mwanzi: upasueni katikati kwa urefu, ndani mweke jani la ndizi lililolainishwa kwa moto, mwunganishe vipande na kuvifunga kwa mpira wa baiskeli. Kufungua ni rahisi, hakuna kuvunja kijiti. Baada ya siku moja au mbili toeni, kateni, mpange kwenye kivuli penye upepo. Kilo moja ya mafuta inatoa vijiti kama 20. Rangi ya chungwa ya mawese isiwatishe, inafifia yenyewe. Kuyachemsha mawese kwa moto mkali ili yawe meupe, sisi tunashauri msifanye, yanashika moto.

Kisha wiki 4, bora 6. Soda inamaliza kazi yake, maji yanatoka, kijiti kinakuwa kigumu. Mbele ya kuuza, loweni kidole, mkisugue kwenye sabuni, mguse ncha ya ulimi. Ladha ya sabuni tu, sawa. Ikipiga ulimi sawa betri ya radio, soda bado iko. Ngojeni wiki mbili mpime tena. Isipobadilika, kundi lote haliendi usoni kwa mtu. Linalopita, lijaribiwe kwanza mkononi kwa siku chache.

Kuko wanaotuuliza juu ya majivu ya maganda ya ndizi. Ni kweli yana potasi, na sabuni ya potasi ni laini na ina povu zuri. Viwanda huchanganya potasi na soda katika sabuni ya ndevu. Lakini nguvu ya majivu inabadilika kila siku, na hakuna balansi inayoionyesha. Kwa nguo, endeleeni. Kwa uso, hapana.

Vinyozi ndio wanunuzi wa kwanza, kwa hiyo waelezeni matumizi. Kijiti kimoja kisipite kwenye nyuso za watu kumi. Kinyozi akwangue kidogo ndani ya kikombe, atie maji ya moto, akoroge, na kila mteja apate povu lake na wembe wake mpya, kwa sababu wembe uliotumika unaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Tchomia ilipopata Ebola mwezi wa tisa 2018, kila mtu aliona damu ya mwingine ni jambo gani. Wenye vipele vya ndevu wajue pia kwamba sabuni haivitibu. Wafuate uelekeo wa nywele, wasinyoe mpaka chini kabisa.

Kwenye karatasi ya kufungia andikeni tarehe ya kupika, uzito na mafuta yaliyotumika. Mkitaka kuuza kwa wingi hadi Bunia, ulizeni kwanza OCC, ambao ndio wanapima ubora wa bidhaa. Na wekeni daftari: kila kundi na vipimo vyake, soda ilinunuliwa wapi, ulimi ulisema nini wiki ya nne. Mteja akirudi na uso mwekundu, mtajua ni vijiti gani vya kuondoa sokoni.