Namungo na Mzigo wa Kuwa Timu ya Kati

Tarehe 2 Agosti 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Namungo ya Ruangwa ilikutana na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Ilikuwa imepanda Ligi Kuu mwaka mmoja tu kabla, na msimu huo wa kwanza iliumaliza ikiwa ya nne kati ya timu 20. Ilifungwa mabao 2 kwa 1. Kwa kuwa Simba, bingwa wa ligi, ilikuwa tayari na nafasi yake katika Ligi ya Mabingwa, tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika iliiangukia Namungo.

Yaliyofuata wengi wetu tunayakumbuka. Mwezi Februari 2021 timu ilisafiri hadi Luanda kucheza na 1º de Agosto, ikazuiwa huko kwa sababu ya vipimo vya korona, ikarudi bila kucheza. Mechi zote mbili zikaamriwa zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza kwa mabao 6 kwa 2, ikapoteza ya pili kwa 3 kwa 1, ikaingia hatua ya makundi. Humo ilikutana na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikapoteza mechi zote sita. Raja ndiyo iliyochukua kombe mwaka huo.

Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 Namungo haikushuka daraja, wala haikurudi kwenye kilele kile. Imekuwa timu ya kati. Vijana wetu wa Kilwa na Lindi hupenda kusema kwamba tatizo ni kocha, au ni washambuliaji wavivu, au ni waamuzi. Sisi tunaona kwamba lawama hizo, hata zikiwa na chembe ya ukweli, zinaficha jambo kubwa zaidi. Timu hii huingia uwanjani ikiwa imekwisha kutangulizwa kwa mambo ambayo kocha hana mamlaka nayo.

Tuanze na historia. Tangu mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa wa Tanzania Bara haukutoka mikononi mwa Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 ulipokwenda Azam, nayo ni timu ya Dar es Salaam yenye kampuni kubwa nyuma yake. Simba ilichukua mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, kisha Yanga mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025. Aliyezoea kushinda hupata wafadhili, mwenye wafadhili hununua wachezaji bora, na mwenye wachezaji bora hushinda tena. Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipata ubingwa 1999 na 2000. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wake.

Kisha kuna barabara. Timu ya Dar es Salaam hucheza mechi zake za nyumbani, na kadhalika mechi kadhaa za ugenini, bila kulala nje ya jiji. Timu ya Lindi haina jirani. Ndanda ya Mtwara ilikuwa Ligi Kuu tangu 2014, ikashuka 2020, na kwa kushuka kwake Namungo ikapoteza safari fupi pekee iliyokuwa nayo. Miaka ile Kagera Sugar ilipokuwa ligi moja nao, kwenda Bukoba kutoka Lindi kulikuwa zaidi ya kilomita 1,700 kwa barabara, na kurudi vivyo hivyo. Klabu tajiri hupanda ndege. Klabu ya kati huhesabu mafuta, posho na vitanda, na wachezaji hushuka garini na miguu iliyovimba. Na barabara yenyewe ni moja. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga wilayani Kilwa, kila mwenye safari ya Dar es Salaam alijua maana ya kutokuwa na njia ya pili. (Gesi ya Songosongo yenyewe haikwami njiani, tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba.)

Ama kuhusu fedha, mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walitia saini mkataba wa matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu ndogo, nasi hatuzibezi. Lakini zinagawanywa kwa klabu zote, na juu ya fungu lake kila klabu kubwa huongeza udhamini wake yenyewe. Mwaka 2022 Simba iliingia mkataba wa miaka mitano na M-Bet wa shilingi bilioni 26.1, na Yanga mkataba wa miaka mitatu na SportPesa wa zaidi ya bilioni 12. Zote mbili ni kampuni za kubashiri.

Hapa ndipo mzazi Mwislamu anapopata kigugumizi, naye ana haki. Kamari ni haramu, na jina lake limeandikwa kifuani mwa jezi ambayo mtoto anaililia siku ya Idi. Mlango wa fedha ulio wazi kuliko yote katika soka ya leo ndio huu. Klabu ya mkoa wa wavuvi na wakulima wa korosho na ufuta, ikiamua kuupita mlango huo bila kuingia, itabisha hodi wapi? Wafanyabiashara wetu wa Lindi na Kilwa, ambao husimama safu ya mbele kunapokuwa na mchango wa msikiti, bado hawajaulizwa swali hilo kwa uzito. Tunadhani waulizwe.

Jambo linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni mikataba. Klabu isiyo na uhakika wa fedha za mwaka kesho humpa mchezaji mkataba wa msimu mmoja au miwili. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na klabu nyingine na kukubaliana nayo. Kwa hiyo kijana akiibuka Ruangwa, akafunga mabao yake kumi, mkubwa hana haja ya kuinunua saini yake. Husubiri tu muda uishe. Klabu iliyomlea hubaki na picha zake. Kila msimu kocha huanza upya kufundisha watu kupasiana, hali wenzake wa Kariakoo wanaongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva.

Wazazi wenye vijana wenye vipaji nao wayajue mawili matatu. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na kinachozidi hapo hakitambuliwi na kanuni hizo. Asisaini peke yake. Baba, mama au mlezi awepo, asome kila ukurasa, na aondoke na nakala yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ni ajabu kwamba jamii inayoisoma aya hiyo humtoa mtoto wake kwa ahadi ya mdomo ya mtu aliyekuja na gari zuri.

Kuna fedha nyingine ambayo pwani yetu inaipoteza kimyakimya. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23, kila moja kwa kadiri ya miaka aliyokaa nayo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitisha malipo hayo. Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa na shirikisho, yenye kumbukumbu za mchezaji, miaka na tarehe.

Sisi tunaoshika madaftari ya kamati tunajua jinsi kazi hiyo inavyodharauliwa. Timu za mitaa za Kilwa Masoko na Kivinje zina makocha wanaojitolea kila alasiri hadi adhana ya Magharibi, zina jezi za kuchangishana, aghalabu hazina usajili wala daftari. Kijana anaanza kucheza hapo akiwa na miaka 13. Akifika Dar es Salaam akiwa na 19, klabu inamfungulia kumbukumbu rasmi, na mstari wa kwanza unaandikwa jina la timu ya jijini. Miaka sita ya Masoko haimo.