Kansere ya jicho kwa watoto: kutoka Lubumbashi, njia ya miale ni ndefu

Alama ya kwanza inaweza kuonekana kwenye picha ya telefoni. Jicho moja la mtoto linatoka jekundu kwa sababu ya flashi, lingine linang'aa jeupe kama la paka usiku. Huo si ulozi. Inaweza kuwa retinoblastoma, kansere ya jicho inayoshika zaidi watoto ambao hawajatimiza miaka 5.

Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi wanapona, hata kama mara nyingi jicho lenyewe linatolewa. Hatari kubwa ni mshipa unaounganisha jicho na ubongo, kwa sababu uvimbe unautumia kama barabara. Ndiyo maana mganga anapotoa jicho anakata pamoja nalo kipande kirefu cha mshipa huo na kukituma kupimwa. Kansere ikikutwa pale kisu kilipopita, maana yake nyingine imebaki. Hapo mtoto anahitaji dawa kali za kansere pamoja na miale, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Mtoto mdogo hatulii chini ya mashini, basi mara nyingi anapewa dawa ya usingizi kila siku.

Waganga hawatumii miale ovyo: kwa mtoto aliyerithi ugonjwa huu, inaweza kuleta kansere nyingine miaka ya mbele.

Kutoka Lubumbashi, barabara ya kutafuta miale inapita Kasumbalesa hadi Lusaka, Zambia, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mwaka wa 2007. Ni zaidi ya kilometa 400, na mzazi anaacha kazi, analipa pasipoti, chakula na mahali pa kulala.

Inauma zaidi ukikumbuka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipeleka madini ya pale hadi Olen, Ubelgiji, kutolewa radiumu iliyotibu kansere katika hospitali za ng'ambo. Mwaka wa 1951 Kanada ikaanza kutibu kwa mashini za kobalti. Na kobalti, nani hapa asiyeijua? Inapita kila siku kwenye malori.

Mzazi akiona weupe ndani ya jicho, au jicho linaloanza kwenda kombo, asingojee livimbe: ampeleke mtoto kwa mganga wa macho juma hilohilo. Wadogo zake wapimwe pia, kwani ugonjwa huu unaweza kurithiwa.