Mrija wa Shingoni

Mgonjwa mahututi huwekewa mrija mwembamba wa plastiki kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, chini ya mtulinga au pajani, ncha yake mara nyingi ikikaribia moyo. Humo hupitishwa dawa kali ambazo zingeuunguza mshipa wa mkononi. Aliyeshindwa na figo hutolewa damu kupitia mrija wa namna hiyo, ikasafishwa na kurudishwa. Wapo wengi ambao wasingeiona asubuhi bila mrija huo. Lakini ni njia ya moja kwa moja kutoka nje ya ngozi hadi ndani ya damu, na vimelea huipita njia hiyo hiyo.

Johannesburg imelijua hilo kwa uchungu. Fangasi aitwaye Candida auris alitambuliwa mara ya kwanza Japani, mwaka 2009, kwenye sikio la mgonjwa. Kati ya Oktoba 2012 na Novemba 2016, maabara za Afrika Kusini zilimkuta kwa wagonjwa 1,692, wengine kwenye damu, wengine kwenye mkojo na kwingineko. Kati ya waliojulikana walikolazwa, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa jimbo la Gauteng, ambamo Johannesburg imo, tena wengi mno katika hospitali binafsi, zenye vitanda vizuri na mashine za kisasa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haya ni maradhi ya hospitali duni. NICD, taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza iliyoko Sandringham, Johannesburg, ilifuatilia mwaka 2016 na 2017 ikakuta fangasi huyu ndiye chanzo cha asilimia 14 ya maambukizi ya damu yatokanayo na jamii ya Candida. Flukonazoli, dawa iliyozoeleka, kwa kawaida haimwezi.

Kwa nini vimelea hupenda mrija? Umewahi kupitisha kidole ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa kwa wiki moja? Ule utelezi ndio vimelea hujijengea juu ya plastiki. Dawa iliyomo kwenye damu hupita juu yake, na waliojificha chini hubaki hai.

Ndiyo maana homa na kutetemeka muda mfupi baada ya mrija kusukumiwa maji si jambo la kupuuza. Damu huchukuliwa mkononi na kwenye mrija kwa wakati mmoja, kwa kiasi kilekile, ikaoteshwe maabara. Chupa ya damu ya mrija ikiotesha vimelea saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkono, mrija ndio mshukiwa mkuu. Akiwa ni Candida au bakteria Staphylococcus aureus, kwa kawaida mrija hutolewa, na dawa huendelea angalau siku 14 tangu damu ianze kuonekana safi.

Kinga yenyewe haina siri. Huko Michigan, Marekani, vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilishika mambo matano: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuweka mrija, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka paja, na kuutoa mrija usiohitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na maambukizi yalishuka sana. Naamini hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, kwa sababu mrija unaofanya kazi haumsumbui mtu.

Mtazame muuguzi mwangalifu kabla ya kudunga dawa. Hunawa, huvaa glavu, husugua mdomo wa mrija kwa spiriti kwa sekunde 15, kisha hungoja ukauke. Akiwa na wagonjwa wengi kupita kiasi, kungoja huko ndiko huanza kukatwa, na lawama hiyo si yake peke yake.

Ndugu wa mgonjwa naye ana nafasi. Kila asubuhi aulize kwa upole: "Daktari, mrija huu bado unatumika?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Siku likiwa hapana, mgonjwa hulazwa chali, huambiwa azuie pumzi, mrija huvutwa taratibu, na tundu hukandamizwa kwa shashi safi hadi damu ikome.