Fahamu: Kwa nini seva zinasogezwa karibu na Kitengela

Hadi mwaka 2015, mwenye duka wa mji wa Kitengela, Kenya, aliyelipwa kwa M-Pesa alihudumiwa na seva zilizokuwa Ujerumani. Mwaka huo zilihamishiwa Kenya. Kompyuta za pembezoni zinaendeleza safari hiyohiyo: data ichakatwe jirani na mtumiaji, hata chini ya mnara wa simu wenyewe.

Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda Ujerumani na kurudi ni zaidi ya kilomita 12,000, yaani milisekunde 60 na ushei kabla seva haijafanya lolote. Kitengela hadi Nairobi ni kama kilomita 30 tu. Kwenye ujumbe mfupi huoni tofauti. Kwa mashine inayoongozwa kutoka mbali, ni kubwa mno.

Kuna pia suala la uhimilivu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Maudhui yaliyohifadhiwa nchini hayakuhitaji kuvuka bahari.

Tatizo ni gharama. Kila seva yataka umeme usiokatika, ubaridi, fundi na ulinzi, maana vituo vikizidi, wadukuzi nao hupata milango zaidi. Kitengela, yenye wakazi wengi, inaweza kulipia hayo. Maboma ya wafugaji yaliyotawanyika kuelekea Magadi hayawezi, na hapo ndipo Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulioundwa kupeleka mawasiliano kusikolipa, unapaswa kuingia mapema, kabla pengo halijapanuka.